Mashine ya Kufua Inaponuka

(Muziki wa kipindi. Unapungua polepole.)

Leo tutazungumza juu ya mashine ya kufua nguo, hasa ile inayotoa harufu mbaya isiyoisha. Unafua leo, unafua kesho, unaongeza sabuni yenye manukato, lakini ukifungua mlango unakutana na uvundo ule ule.

Huenda ukauliza, "Muuguzi na mashine ya kufua, wapi na wapi?" Swali zuri. Zipo sababu mbili. Ya kwanza, nepi za mtoto, shuka za mgonjwa na taulo za watu wote wa nyumbani hupita ndani ya mashine hiyo. Ya pili, na ndiyo kubwa, harufu hii huwachosha watu hadi wanaanza kumimina humo kila dawa iliyo kwenye rafu. Baadhi ya michanganyiko hiyo hutoa hewa ya sumu. Harufu ya mashine kwa kawaida haimlazi mtu hospitalini, lakini dawa zilizochanganywa ovyo zinaweza kumlaza.

Zamani mashine hizi zilikuwa za watu wachache. Siku hizi utazikuta katika nyumba za kupanga za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret, kwenye hosteli za wanafunzi na kwenye maduka ya dobi. Kama wewe unafua kwa karai, usizime redio. Mengi tutakayosema yanahusu karai na ndoo pia.

HARUFU HUTOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba mashine haiwezi kuchafuka kwa sababu kila siku inapitisha maji na sabuni. Hebu fikiria karo la jikoni. Nalo hupitisha maji na sabuni kila siku, lakini usipolisugua, baada ya muda unaona utelezi na unasikia harufu. Mashine ni vivyo hivyo, ila uchafu wake umejificha usipouona.

Nguo tunazovua zina jasho, mafuta ya mwili, ngozi iliyokufa, nywele na vumbi. Sabuni huvitoa vitu hivyo kwenye nguo. Sehemu kubwa hutoka na maji machafu, lakini kiasi kidogo hubaki nyuma ya lile pipa la chuma linalozunguka, ndani ya mikunjo ya mpira wa mlangoni, kwenye kisanduku cha sabuni na kwenye paipu. Mabaki ya sabuni yenyewe na ya dawa ya kulainisha nguo hugandamana humo humo. Bakteria na ukungu wanataka vitu vitatu tu: chakula, unyevu na joto la wastani. Mashine iliyofungwa mlango inawapa vyote vitatu. Wanajijengea utando wa utelezi, na wakila uchafu ule wanatoa hewa yenye uvundo.

Pengine umewahi kuona jambo hili: nguo imekauka vizuri na hainuki, lakini ukiivaa na kutoka jasho kidogo, harufu inarudi. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walieleza kwamba bakteria mmoja aitwaye Moraxella osloensis ndiye chanzo kikubwa cha harufu hiyo ya nguo mbichi. Bakteria huyu anastahimili ukavu. Anakaa kimya kwenye nguo kavu, na akipata unyevu anaanza kazi tena. Ndiyo maana manukato hayamalizi shida. Yanaifunika harufu kwa muda, na mwenyewe yumo bado.

KWA NINI HAPA KWETU SHIDA HUZIDI?

Kwanza, tunafua kwa maji baridi. Stima ni ghali, kwa hivyo wengi wetu hatugusi kabisa kitufe cha maji ya moto. Mashine nyingine, hasa zile zenye mapipa mawili, moja la kufulia na lingine la kukamulia, hazina hata kifaa cha kupasha maji moto. Maji baridi hayayeyushi mafuta vizuri, na hayaui vijidudu.

Pili, mgao wa maji. Maji yanakatika mashine ikiwa katikati ya kazi, au tokeni za stima zinaisha. Nguo zinalala kwenye maji machafu usiku kucha. Kufikia asubuhi, nguo zinanuka na mashine inanuka.

Tatu, sabuni isiyofaa. Mashine yenye mlango wa mbele hutumia maji machache na inahitaji sabuni isiyotoa povu jingi. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu. Povu hilo hupanda mahali ambapo maji ya kusuuza hayafiki, likakauka na kuwa chakula cha vijidudu. Soma pakiti uone kama imeandikwa kwamba ni ya mashine.

Nne, maji ya visima. Penye maji ya chumvi au maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu, ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika hujishika kwenye mashine. Uchafu hupata mahali pa kushikilia.

TAMBUA HARUFU KABLA YA KUANZA KAZI

Si kila harufu ina dawa moja. Ukisikia harufu ya uvundo, kama kitambaa kilicholala na maji, huo ni utelezi na ukungu. Dawa yake ni usafi, na tutaueleza hivi punde.

Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza au ya choo, chunguza zaidi. Chota maji ya mfereji kwenye glasi uyanuse. Kama yananuka vivyo hivyo, shida iko kwenye maji au kwenye tangi. Kama maji hayanuki, angalia paipu ya kutolea maji machafu. Bomba la ukutani au la sakafuni linatakiwa kuwa na sehemu iliyopinda kama herufi U, ambayo hubaki na maji ili kuzuia hewa ya maji taka isirudi ndani. Kama sehemu hiyo haipo au imekauka, hewa ya maji taka inapanda hadi kwenye mashine. Mwite fundi wa mabomba.

Ukisikia harufu ya mpira au plastiki inayoungua, usifanye usafi wowote. Zima swichi ya ukutani, chomoa plagi kama unaweza kuifikia salama, na umwite fundi. Huo ni mwanzo wa moto.

JINSI YA KUSAFISHA, HATUA KWA HATUA

Tenga muda wa saa mbili au tatu siku ambayo maji yapo. Vaa glavu za mpira. Fungua madirisha. Kabla ya kuingiza mikono, zima mashine na uchomoe plagi.

Hatua ya kwanza ni mpira wa mlangoni, kwa wenye mashine ya mlango wa mbele. Ufunue mkunjo baada ya mkunjo. Utashangaa: sarafu, nywele, pini, soksi ya mtoto na utelezi mweusi. Ondoa vyote. Sugua kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni, hasa sehemu ya chini ambako maji hutuama. Kisha kausha.

Hatua ya pili ni kisanduku cha sabuni. Vingi huchomoka ukibonyeza kidude kilicho ndani. Kiloweke kwenye maji ya moto, kisugue kwa mswaki mzee. Usisahau tundu kinamokaa. Pigapiga tochi ya simu uone dari yake. Mara nyingi ukungu uko juu.

Hatua ya tatu ni chujio la maji machafu. Katika mashine nyingi za mlango wa mbele liko chini, nyuma ya kidirisha kidogo. Hakikisha maji yaliyomo yamepoa. Tandika kitambaa, weka bakuli pana, halafu fungua polepole kwa sababu maji yatamwagika. Toa nyuzi na uchafu, osha, rudisha na ukaze barabara. Mashine ya mapipa mawili mara nyingi ina kijaluba au kifuko cha kushika nyuzi ndani ya pipa la kufulia. Kioshe kila baada ya kufua.

Hatua ya nne ni kufua mashine yenyewe bila nguo. Rudisha plagi. Kama mashine inapasha maji, chagua joto la juu kabisa, nyuzi 60 au zaidi za Selsiasi, na utie sabuni ya unga ya mashine kiasi cha kufulia mara moja. Chagua sabuni ya unga yenye dawa ya kung'arisha, maana sabuni nyingi za majimaji hazina dawa hiyo. Acha izunguke hadi mwisho.

Kama mashine yako haipashi maji, chemsha maji uyachanganye na baridi hadi yawe moto wa kuoga au kuzidi kidogo. Usimimine maji yanayochemka, kwa maana yanaweza kupinda plastiki. Jaza pipa, tia sabuni ya unga, zungusha kwa dakika 10, kisha uache maji yakae saa moja. Zungusha tena, mwaga, halafu suuza mara mbili kwa maji safi. Na lile pipa la kukamulia lisafishwe kwa maji ya moto na sabuni, usilisahau.

Hatua ya tano, kausha. Pangusa ndani kwa kitambaa kikavu na uache wazi. Kama mashine ilikuwa imeachwa kwa miezi mingi, rudia hatua ya nne mara mbili au tatu. Utando uliojengwa kwa mwaka mzima hauondoki kwa siku moja. Ikiwa harufu ya uvundo bado ipo, huenda uchafu umejaa nyuma ya pipa. Hapo inabidi fundi aifungue.

HATARI YA KUCHANGANYA DAWA

Sasa, msikilizaji mpendwa, hapa nakuomba uache kidogo unachofanya unisikilize.

Wengi wetu tunayo Jik nyumbani. Ni dawa nzuri ikitumiwa peke yake. Lakini Jik ikikutana na siki, maji ya limau au dawa ya kusafishia choo yenye asidi, hutoa hewa ya klorini. Hewa hii huchoma macho, koo na mapafu. Ikikutana na dawa yenye amonia, hutoa hewa nyingine ya sumu. Mkojo nao una vitu vya aina hiyo, kwa hivyo nepi iliyoloa mkojo isuuzwe kwa maji kwanza kabla ya kuguswa na Jik.

Mtu anatia siki asubuhi, harufu haiishi. Jioni anaongeza Jik bila kusuuza. Bafu ni dogo, dirisha limefungwa, na mara nyingi anayefanya kazi hiyo ni dada wa nyumbani ambaye hakuelezwa lolote. Mwenye nyumba yuko kazini. Tafadhali, mwajiri, mwoneshe dada kila chupa na umwambie kazi yake. Mnunulie glavu. Mapafu yake ni mapafu kama yako.

Ukichagua kutumia Jik, tumia hiyo peke yake, kiasi kisichozidi nusu kikombe cha chai, kwenye maji baridi, bila nguo ndani, na madirisha yakiwa wazi. Usiitie kwenye maji ya moto. Suuza mashine mara mbili baadaye. Na usiitumie kila wiki, kwa kuwa inachakaza mpira na chuma.

Ikitokea mtu amevuta hewa hiyo, toka nje mara moja pamoja na wote walio ndani. Acha mlango na madirisha wazi ukipita. Usirudi kumwaga maji hadi hewa iishe. Kama macho yanawasha, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mwenye kukohoa sana, kubanwa kifua au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya haraka, hasa mwenye pumu, mtoto au mama mjamzito. Beba chupa za dawa zilizotumika, zitamsaidia mhudumu.

Jambo jingine: usiweke Jik kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti. Akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitalini.

JE, HARUFU HII INALETA UGONJWA?

Kwa mtu mwenye afya nzuri, mara nyingi ni kero tu. Lakini wapo wanaohitaji uangalifu zaidi: watoto wachanga, wazee, wenye vidonda, wenye pumu na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua. Katika hospitali moja ya watoto nchini Ujerumani, kati ya mwaka 2012 na 2013, bakteria sugu kwa dawa walipatikana kwa watoto wachanga 13 na mtoto mwingine 1. Watafiti walipofuatilia, waliwakuta bakteria hao kwenye kisanduku cha sabuni na mpira wa mlango wa mashine ya kawaida ya nyumbani, iliyofulia kofia na soksi za watoto. Kwa bahati njema, watoto hawakupata maambukizi ya hatari, na mashine ilipoondolewa, tatizo lilikoma. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 2019.

Nayasema haya nisimtie mtu hofu. Funzo lake ni kwamba nguo za mtoto mchanga au za mgonjwa zinataka mashine safi na maji ya moto. Kinyesi kitolewe kwanza chooni. Nguo za mgonjwa wa kuhara zifuliwe peke yake, kwa nyuzi 60 kama kitambaa kinaruhusu, na anayefua aoshe mikono kwa sabuni.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

"Nimesikia siki na baking soda ni dawa ya harufu. Ni kweli?" Ukizichanganya unaona povu jingi, lakini povu hilo ni siki na soda zinamaliziana nguvu. Kinachobaki ni kama maji ya chumvi. Siki peke yake husaidia kuondoa ukoko wa maji magumu, ila ikitumiwa mara nyingi inaweza kuharibu mpira. Na tumeshasema, isikutane na Jik.

"Mashine yangu ni mpya, mbona inanuka?" Upya hauzuii. Miezi michache ya maji baridi, sabuni nyingi na mlango uliofungwa inatosha.

"Nguo zimeshanuka, nifanyeje?" Ziloweke saa moja kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, kwa kadiri kitambaa kinavyostahimili. Zifue, zisuuze vizuri, kisha zianike mara moja mahali penye jua na upepo. Wakati wa mvua au baridi ya Julai, fua chache chache ili zipate nafasi ya kukauka. Wa karai nao wafanye hivyo hivyo, na karai lenyewe lisuguliwe na kufudikizwa likauke.

MAZOEA YA KILA SIKU

Toa nguo mara tu mashine inapomaliza. Pima sabuni, kuzidisha hakuongezi usafi. Punguza dawa ya kulainisha. Usijaze mashine hadi mlango unalia. Usiifanye kikapu cha nguo chafu zenye unyevu. Pangusa mpira, vuta kisanduku cha sabuni nje kidogo na uache mlango umefunguka kidogo. Lakini penye mtoto mdogo, chomoa plagi na ufunge mlango wa chumba hicho, kwa maana watoto hupenda kuingia ndani ya mashine. Zile sabuni za vidonge vyenye majimaji ziweke juu sana, zinafanana na peremende.

Siku za mgao, teka maji ya kutosha kabla ya kuanza. Maji yakikatika katikati, mwaga yaliyomo, kamua nguo, zitoe na uzianike au uzisuuze kwa ndoo. Zisilale humo.

Na mara moja kwa mwezi, fua mashine kwa maji ya moto bila nguo. Ni gharama ya stima kidogo, lakini ni nafuu kuliko kununua manukato kila wiki na kufua nguo zile zile mara mbili.

Kwa kifupi, wasikilizaji: ondoa uchafu, ondoa unyevu, tumia joto, na usichanganye dawa kamwe. Kabla hujalala leo, nenda kaangalie chupa zilizo karibu na mashine yako. Iweke Jik mbali na siki, na umweleze kila anayefua hapo nyumbani sababu yake.

Hadi wiki ijayo wakati kama huu, nawatakia afya njema. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi.)